Kuhusu Mama

Njeri wangu,

Salamu zingine baadaye, najua nina deni la barua tangu harusi ya Kamau. Ujumbe wako wa asubuhi ndio umenishikisha kalamu.

Unasema tangu Jumapili Mama anakuita kwa jina la shangazi, chai hataki, mchana kutwa anasinzia. Baraka anasema ni uzee. Muulize, uzee gani huo unaoingia Jumapili na Jumanne umeshakomaa? Akili ikivurugika ghafla, asubuhi nafuu, jioni ovyo, tafuta ugonjwa: mapafu, mkojo, moyo, sukari, hata choo kilichofunga. Mwambie Mama ataje siku za wiki kinyumenyume. Kama mwezi jana aliweza na leo anapotea njiani, mpeleke.

Na usitulie kwa sababu hana homa. Mzee hupata nimonia bila joto kali wala kikohozi. Kama kawaida yake ni 36.2, basi 37.4 kwake ni homa. Hesabu pumzi zake dakika nzima akiwa ametulia, asijue unahesabu; zikipita 25, usingoje kesho. Hata mshtuko wa moyo unaweza kuja bila maumivu ya kifua, ukaona uchovu tu, kichefuchefu au pumzi kukatika.

Lakini ni sukari inayonikosesha raha. Ile glibenclamide, dawa yake ya kushusha sukari, bado anaimeza bila kula? Usimpe nyingine kabla hajaonwa na daktari. Pima sasa hivi. Ikiwa chini ya 4 (mmol/L) na anameza vizuri, koroga vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, anywe, upime tena baada ya dakika 15. Akishindwa kumeza, usimtie chochote mdomoni, kimbia hospitali. Hata akizinduka mpeleke, maana dawa hiyo hukaa mwilini na sukari hushuka tena.

Zile Piriton, dawa za mzio, za Mama Kevo zitoe humo ndani! Huwachanganya wazee akili na kuwafungia mkojo. Huyo mama angekuwa na duka la dawa tungekoma.

Hospitalini wakikuta bakteria kwenye mkojo, wasiishie hapo. Wazee wengi wanao bila kuugua. Waombe wasikilize mapafu na wapime moyo. Beba dawa zake zote kwenye mfuko, na za mitishamba.

Amekojoa mara ngapi tangu jana? Ameanguka, hata kidogo, bila kuwaambia? Nani analala naye? Gari la Baraka lina mafuta, au niagize teksi ije hapo Umoja? Sukari imesoma ngapi? Nipigie.

Wako,
Achieng