Barua kwa Mwanangu: Usome kwa Sauti Kwanza

Mwanangu mpenzi,

Asalaam aleikum. Huku Kibokoni, Mombasa, sote wazima, na babako akusalimu sana. Uchambuzi wako wa ule ubeti niliokutungia umenifika, nikafurahi. Hebu turudi kwenye mambo machache. Ubeti wenyewe ni huu:

Bahari haina mato, haioni wanovuka,
Humpokea mtoto, na mzee alochoka,
Mawimbi yake mazito, usiku yakiamka,
Nahodha, tazama nyota, tutafika kwa salama.

Tarbia (ubeti wa mishororo minne), ukwapi (kipande cha kwanza cha mshororo), utao (kipande cha pili), hayo umeyataja sawa. Ila mshororo wa tatu umeuhesabia mizani, yaani silabi, 15 badala ya 16, ukasema una guni, kasoro ya mizani. Tamka "yakiamka" kwa sauti: ya-ki-a-m-ka. Ile m inasimama peke yake, kama ya m-to-to, ambayo uliihesabu vizuri. Ndiyo maana nakusihi usome kwa sauti kwanza, kalamu ije baadaye.

Kubwa zaidi ni "mato". Umeandika kwamba nimeligeuza neno "macho" ili nipate kina, ile silabi ya mwisho inayofanana katika kila mshororo. La, mwanangu. Bibi yako akisema mato hatafuti kina. Ndiyo lugha yake, Kimvita, Kiswahili cha Mombasa. Tia "macho" uone: kina cha kati kitakuwa cho, hali mtoto na mazito yamebaki na to. "Wanovuka" nalo ukilisanifisha liwe "wanaovuka", mizani zitafika 17. Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa aliyefariki karibu mwaka 1840, alitunga kwa Kimvita hiki hiki, na kwa mizani hizi za 8 kwa 8. Anayempima kwa Kiswahili sanifu peke yake atamwona ana makosa ambayo hakuyafanya, na hilo huniuma. Kabla hujasema "uhuru wa mshairi", uliza kwanza mshairi ni wa wapi.

Kituo, mshororo wa mwisho, umekipita mbio: "vina vinabadilika", basi. Kwa nini vibadilike? Mishororo mitatu yaeleza bahari. Wa nne wamgeukia nahodha na kumwamrisha. To inakuwa ta, ka inakuwa ma, na sikio linashtuka palepale maana inapogeuka. Hapo ningependa ukae aya nzima.

Sasa nitungie ubeti wa pili. Vina vya mishororo mitatu chagua mwenyewe, ila wa mwisho uuache kama ulivyo, uwe kibwagizo chetu.

Mamako