Usitie saini kabla hujaja Makangale

Mwanangu Kombo,

Assalamu alaikum. Naandika kwa kuwa kwenye simu unanikatiza. Ami yako kanambia yupo mwekezaji anakitaka kile kipande cha minazi cha pwani, na kwamba wewe umeshakubali, mnangoja karatasi tu. Usitie saini, mwanangu. Njoo kwanza usimame pale kwa miguu yako.

Najua hesabu zako. Kodi ya chumba Mwanakwerekwe huko mjini Unguja, mkeo mjamzito, na bado huku Pemba unatuletea. Kijiji kizima kinajua nani kaiezeka nyumba hii mabati, nami nasema mbele za watu. Lakini ulimjibu ami yako kabla ya kuniuliza mimi, na hilo limeniuma.

Mwaka juzi nilipokwenda Paje kumtazama mama yako mdogo, nilimfuata pwani. Yeye ni katika wanawake walioanza na mwani mwaka 1989, ulipoingia Paje na Jambiani. Wakati ule ukitoka mlangoni unanyoosha mpaka majini. Sasa kajitwika polo la mwani mbichi, maji yanamchuruzika mgongoni, anauzunguka ukuta wa hoteli kutafuta uchochoro. Alitua mzigo mara mbili njiani. Nyuma ya ukuta ule ndiko ilikokuwa minazi ya mumewe. Walilipwa kwa kuhesabiwa mnazi mmoja mmoja, maana tangu Mapinduzi ardhi ni ya Serikali, mtu ana miti yake tu. Fedha ile ilinunua pikipiki. Watoto wake wawili wana kazi hotelini, sikatai, na mmoja kajenga. Ila yeye leo nazi ya kuungia mchuzi anainunua dukani.

Utasema, mbona nyinyi mlikata mikarafuu? Tulikata. Indonesia walikuwa wanunuzi wetu wakubwa; walipojitosheleza kwa karafuu zao, bei ikaanguka, na miaka ile ya themanini ukilipa wachumaji hubaki na kitu. Marehemu babaako alitaka tungoje. Shoka alilishika yeye, lakini aliyekuwa akimsemea kila usiku hakuwa jirani. Tukapanda muhogo. Bei ya karafuu ilipopanda mwaka 2011 watu walianika mpaka kando ya barabara, harufu inaingia ndani ya chandarua, na jamvi letu tupu. Mkarafuu ukiupanda leo unangoja miaka sita, saba, ndipo uanze kuchuma. Kipande cha pwani kikienda hakuna mche wa kukirudisha. Usitie saini.

Redio ilisema sensa ya 2022 Zanzibar nzima tumepita milioni 1.8. Wewe mwenyewe umenambia mashamba ya Tunguu yanageuka viwanja, na kwamba mjini huwezi kununua hata pa kuweka choo. Sasa ukiuza na huku, huyo mtoto wako atarudi wapi?

Kama fedha zimekushinda, sema, tutauza ng'ombe. Na kama huyo mtu hataki kuondoka, aulizwe: anataka kukodi au kuchukua moja kwa moja? Miaka mingapi? Njia ya wanawake wa mwani itabaki wazi, na itaandikwa? Sheha awepo, na dada zako wawepo, maana wao pia ni warithi na sijasikia mtu akiwataja.

Mbuzi mweusi kazaa mapacha, mmoja mdhaifu, namnyonyesha kwa chupa. Jiko linavuja palepale ulipoziba. Dawa za presha za bibi yako zimebaki za siku tano. Kamba za mwani ulizoleta nyembamba, bamvua la juzi limezikata zote. Leta za ile aina ya kwanza, na mkeo asibebe ndoo za maji, mwambie nimesema mimi.

Ami yako anasema mtaandikiana Jumanne. Wewe njoo na boti ya Jumamosi. Karatasi za babaako nimezitoa kwenye kopo la maziwa, ninazo mwenyewe.

Mamaako