Univision na Telemundo: kila moja inasema inaongoza

Kwako rafiki yangu Idrisa,

Salamu nyingi. Ama baada ya salamu, barua yako nimeipata. Unauliza, kwa ajili ya somo la wanafunzi wako, inakuwaje mitandao ya televisheni Univision na Telemundo, tena wiki ileile, zote mbili zitangaze kuwa ndizo zinazoongoza kwa watazamaji wa Kihispania nchini Marekani, na hakuna anayeitwa mwongo. Hakuna mwongo kweli. Kila moja imechagua kipimo chake, nami nitakueleza vipimo hivyo. Ila kwanza ujue wanachogombea, maana wengi hudhani ni vita ya nyota na watangazaji. Kiini chake ni nani ana ghala la tamthilia, na kwa masharti gani.

Mtandao uliokuja kuitwa Univision ulianza mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa mtaji na vipindi vya familia ya Azcárraga, wenye televisheni kubwa ya Mexico. Stesheni zake zilikuwa kwenye masafa ya UHF, yaani chaneli 14 na kuendelea. KMEX ya Los Angeles ilipoingia hewani mwaka 1962 kwenye chaneli 34, televisheni nyingi majumbani zilifika chaneli 13 basi, na aliyeitaka KMEX ilibidi anunue kifaa cha kuongeza masafa. Sheria ya kuwalazimisha watengenezaji waweke UHF ilianza kubana mwaka 1964. Baadaye likaja tatizo la umiliki. Wakati huo Marekani haikuruhusu mgeni kushika moja kwa moja zaidi ya asilimia 20 ya kampuni yenye leseni ya stesheni, na mwaka 1986 jaji wa FCC, mamlaka ya mawasiliano ya huko, aliona stesheni hizo zinaendeshwa na wageni kwa mlango wa nyuma. Zikauzwa kwa Hallmark, kampuni ya kadi za salamu, na mwaka 1987 jina likawa Univision.

Mwaka 1992 Hallmark nayo ikauza. Mnunuzi alikuwa mfanyabiashara Mmarekani Jerrold Perenchio, pamoja na Televisa ya Mexico, kampuni ya akina Azcárraga walewale, na Venevisión ya Venezuela, kila moja ikiwa na hisa chache kuliko zake. Ukitaka kuelewa miaka 20 iliyofuata, shika mkataba uliosainiwa wakati huo: kwa miaka 25, tamthilia za Televisa zingeonyeshwa Marekani na Univision peke yake. Haikununua tamthilia moja moja. Ililipa mrabaha, yaani asilimia ya mapato ya matangazo. Gharama za kuigiza na kupiga picha zilikuwa zimekwisha kubebwa na soko la Mexico. Kwa hiyo Univision ilijaza saa zake za jioni kwa vipindi vya hali ya juu bila kumiliki hata studio moja ya maana ya tamthilia. Na kwa kuwa takriban asilimia 60 ya Walatino wa Marekani, yaani wenye asili ya Amerika ya Kilatini, wana asili ya Mexico, lafudhi, mitaa na utani wa vipindi hivyo vilikuwa vyao tayari.

Telemundo, iliyoanza kama mtandao mwaka 1987, ikabaki kuokoteza Colombia, Venezuela na Brazil. Mwaka 1993 ilikuwa mbele ya mahakama ya ufilisi. NBC, mtandao mkubwa wa Kiingereza, ilipoinunua mwaka 2002, wengi walidhani fedha pekee zingetosha. Hazikutosha, kwa sababu bidhaa yenyewe ilikuwa imefungiwa. Ilibidi ijenge kiwanda chake Miami, ifundishe waigizaji kutoka nchi mbalimbali kuongea Kihispania kisicho na lafudhi kali, na ikubali hasara ya miaka kadhaa.

Kilichoigeuza hali ni umbo la hadithi. Tamthilia ya kawaida ina sehemu 120 na zaidi, usiku tano kwa wiki, inaishia harusini na haina kesho. Jumatatu inayofuata inaanza nyingine, na sehemu ya watazamaji huwa hawarudi. Telemundo ilitoa La Reina del Sur mwaka 2011 ikiwa na sehemu 63 tu, kisha El Señor de los Cielos mwaka 2013, hadithi inayorudi msimu hadi msimu na watazamaji wake. Kasoro zake zipo: damu na bunduki haziwezi kuwekwa saa 2 usiku watoto wakiwa sebuleni, ndiyo maana zikapewa saa 4. Pia kati ya msimu na msimu kuna pengo la kuziba. Lakini wanaume na vijana, ambao tamthilia za harusi hazikuwashika, walikaa. Msimu wa 2016–17 Telemundo ikaipita Univision kwa mara ya kwanza katika saa za jioni, Jumatatu hadi Ijumaa, kwa watu wa miaka 18 hadi 49. Univision haikuweza kujibu haraka. Ikitegemea mkataba, haikuwa na karakana ya kubadilishia mtindo. Ilibidi imsubiri Televisa abadilike. Kwa maoni yangu hilo ndilo kosa lake kubwa kuliko yote. Kampuni hizo mbili zilikuja kuungana rasmi mwaka 2022 kuwa TelevisaUnivision.

(Telemundo unayoiona kwenye DStv ni ya ukoo huohuo wa NBCUniversal, ila ni chaneli nyingine: tamthilia zilizotiwa sauti za Kiingereza. Usiichukue kama mfano wa ratiba ya Marekani.)

Mpira nitaugusa tu. Mwaka 2011 Telemundo ilimpokonya mwenzake haki za Kihispania za Kombe la Dunia la 2018 na 2022, kwa dau lililoripotiwa kuwa karibu dola milioni 600. Univision ikabaki na mechi nyingi za ligi ya Mexico. Kombe hukupa mwezi mmoja mnono kila miaka minne. Ligi hukupa watazamaji mwaka mzima.

Sasa vipimo. Nielsen, kampuni ya kupima watazamaji, ina vifaa kwenye nyumba zaidi ya 40,000 za sampuli, na kila mwanafamilia ana kitufe chake. Pointi moja ni asilimia moja ya kundi linalopimwa. Ukiambiwa "wa kwanza", uliza: kundi la umri gani? Watu wote kuanzia miaka 2, au 18 hadi 49 ambao watangazaji wa biashara hulipia zaidi? Saa zipi, jioni za siku za kazi au wiki nzima? Mtandao mmoja, au Univision ikijumlishwa na chaneli dada zake UniMás na Galavisión? Waliotazama siku hiyo, au pamoja na waliorekodi wakatazama ndani ya siku saba? Badilisha jibu moja tu, na mshindi anaweza kubadilika.

Mfano mzuri ni Julai 2013, Univision ilipozishinda ABC, CBS, NBC na Fox kwa watu wa 18 hadi 49. Ni kweli kabisa, lakini Julai mitandao ya Kiingereza hurudia vipindi vya zamani, huku tamthilia mpya za Univision zikiendelea bila likizo. Hata kulinganisha huko kusingewezekana zamani, kwa sababu hadi katikati ya miaka ya 2000 Kihispania kilipimwa kwa sampuli yake ya pembeni.

Jambo ambalo wanafunzi wako watalisahau ni lugha ya nyumbani. Nyumba za Walatino kwenye sampuli hupangwa kuanzia zinazoongea Kihispania tu hadi Kiingereza tu. Zikizidi za Kiingereza, pointi hushuka ingawa hakuna aliyezima televisheni. Takwimu za visimbuzi na televisheni za intaneti, ambazo sasa huchanganywa na sampuli, zina upofu wao: nyumba inayotumia antena haina kisimbuzi cha kutoa taarifa, na antena ni nyingi kwa Walatino. Tena kisimbuzi hakijui nani ameketi mbele yake.

Waliojaribu kuwa wa tatu walikwama. MundoFox ilianza 2012, ikabadili jina kuwa MundoMax, ikafungwa 2016. Azteca América ilifika mwisho wa 2022. Walikuwa na vipindi, ila stesheni zao mijini zilikuwa dhaifu. Kutoonekana kunaumiza hata mkubwa: mwishoni mwa Septemba 2025 Univision iliondoka YouTube TV, huduma ya kulipia ya chaneli kwa intaneti, kwa mzozo wa malipo na wa kifurushi itakachowekwa, na wateja wa huduma hiyo wakaikosa hapohapo.

Kwa somo lako, wape wanafunzi tangazo moja la ushindi kutoka kila upande, la wiki ileile, wajaze jedwali la safu tano: umri, saa, chaneli zilizojumlishwa, siku za kurekodi, na mwezi wa mwaka. Waanzie kwenye maandishi madogo ya chini.

Nisalimie wa nyumbani wote.

Wako,
Mbaruku