Barua kwa mwanangu kabla hajaishika barabara ya Dempster

Zawadi mwanangu,

Salamu nyingi. Mpango wako wa kutoka Edmonton hadi Tuktoyaktuk, kule Kanada kwenye bahari ya Aktiki, kwa gari nimeusoma mara mbili. Kabla hujalipia kitu, badilisha mawili: tarehe na idadi ya siku.

Umeandika utaondoka tarehe 15 Mei. Njia ya Dempster, ile ya changarawe kutoka karibu na Dawson City hadi Inuvik, inakatwa na mito miwili isiyo na daraja, Peel na Mackenzie. Wakati wa baridi magari hupita juu ya barafu. Kiangazi kuna pantoni, tena ya bure. Kati ya hapo barafu hupasuka, ikawa haibebi gari wala haipishi pantoni, na hali hiyo huchukua wiki kadhaa. Ukifika mwishoni mwa Mei huenda ukakaa ukingoni kuhesabu vipande vya barafu. Pantoni kwa kawaida huanza mwishoni mwa Mei au mapema Juni, na mto ukianza kuganda Oktoba husimama tena. Mimi ningeshika nusu ya pili ya Agosti. Utalikosa jua lisilozama la Juni na Julai, lakini utawakosa na mbu wake, ambao mbele yao mbu wa Rufiji ana adabu.

Sasa siku. Edmonton hadi Dawson Creek ni kama kilomita 590. Hapo unaingia Alaska Highway, iliyojengwa mwaka 1942 wakati wa vita: kama 450 hadi Fort Nelson, 520 hadi Watson Lake, 440 hadi Whitehorse. Kutoka Whitehorse hadi Dawson City ni 530. Kila kipande ni siku nzima. Baada ya Dawson City unalala Eagle Plains, kesho yake Inuvik, kisha siku ya kwenda bahari ya Aktiki na kurudi Inuvik. Hizo ni siku nane. Weka moja ya kukagua gari Whitehorse na mbili za akiba, maana upepo au maji yakijaa pantoni husimama na hakuna njia ya kuzunguka. Kurudi Edmonton ni siku saba. Likizo yako ya siku 14 haitoshi, omba 20.

Na gari liwe lako. Mikataba mingi ya kukodi hukataza changarawe, na kioo kikipasuka unalipa mwenyewe.

Mafuta uyapige hesabu kwa kalamu. Makutano ya Dempster yako kilomita 40 hivi kabla ya kuingia Dawson City, na kituo cha kwanza cha mafuta, Eagle Plains, kiko kilomita 369 ndani. Ukijaza Dawson City, ni kilomita 409 hadi hapo. Tangi lako ni lita 50. Kwenye lami unakula lita 8 kwa kilomita 100. Kwenye changarawe, na mzigo, hesabu 12. Hiyo ni lita 49! Beba dumu la lita 20 lililotengenezwa kwa petroli, si la mafuta ya kula, usilijaze hadi mdomoni, na ulifunge wima. Hata kwenye Alaska Highway, geji ikifika nusu, jaza.

Tairi ndizo zitakazokuamulia safari. Changarawe ya kule si ya mviringo kama ya mtoni. Sehemu nyingi ni mawe ya bapa yenye makali, yanayoingia katikati ya kashata za tairi au kuchana ubavu. Pancha ya katikati unaiziba njiani kwa utambi na kompresa ndogo. Ubavu ukichanika hakuna dawa, unabadilisha tu. Kwa hiyo beba spea mbili kamili zenye rimu, siyo ile nyembamba ya dharura iliyokuja na gari. Fanya mazoezi ya kuzibadilisha nyumbani, na jeki uiwekee kipande cha ubao chini, isizame. Kasi ni 60 hadi 70. Wanaokimbia 100 ndio utakaowakuta wameinama kando ya barabara.

Lori likija mbele yako, punguza mwendo usogee kulia kidogo, lakini usiende ukingoni kabisa. Barabara imejengwa juu ya tuta nene la kokoto ili joto lisiyeyushe ardhi iliyoganda chini yake; ingeyeyuka, barabara ingezama. Kingo za tuta hilo ni laini na mteremko wake ni mkali. Utakuta pia mahali barabara imepanuka ghafla: ni uwanja wa ndege wa dharura, usiegeshe.

Mvua ikinyesha, ile chumvi wanayomwaga kuzuia vumbi hugeuza udongo kuwa tope la kuteleza. Tope hilo hujibana ndani ya rimu na kukauka kama saruji, usukani ukaanza kutetemeka ukadhani gari limeharibika. Likwangue kwa kijiti kila unaposimama, ufute na taa.

Simu haitashika mtandao kwa mamia ya kilomita. Pakua ramani mapema, ukodi kifaa cha kutuma ujumbe kwa setilaiti, na ukiwa eneo la Yukon (Whitehorse hadi Eagle Plains) piga 511 kila asubuhi kujua hali ya barabara. Chakula kisilale hemani, kuna dubu. Jioni tazama muusi, yule mnyama wa miguu mirefu: ukimgonga, mwili wake unakuangukia kwenye kioo. Utaweza kukutana na karibuu pia, wanyama wa pembe wa nchi za baridi, lakini jina lisikudanganye, hawakukaribishi. Zima injini wapite.

Pale Dawson City utaona njia ya kwenda Alaska. Kule ni Marekani. Pasipoti yako ya Tanzania bila viza ya Marekani itakuacha mpakani. Usijaribu.

Kesho nitumie picha ya ubavu wa tairi zako, namba zionekane, nijue spea za kutafuta.

Mama yako