Sodiamu ya makande haionekani kwenye dodoso

Ndugu Mhariri,

Matokeo ya utafiti wa lishe yanapotangazwa hapa Moshi au Arusha, tungeomba waandishi wenu waanze na swali moja: mlipima mkojo, au mliuliza tu? Dodoso la kumtaka mtu akumbuke alichokula jana lina kazi yake, ila kwenye suala la chumvi haliwezi kusimama peke yake.

Chakula kinaliwa sinia moja. Anayeulizwa mara nyingi siye aliyepika, na aliyepika alitia chumvi kwa vidole. Halafu mtu akiulizwa na mgeni mwenye kalamu na karatasi kama anatumia chumvi nyingi, hujibu anachojua kinatakiwa: "Kidogo tu."

Kwetu huku kuna na magadi. Madodoso mengi huuliza chumvi na kuishia hapo, wakati magadi ya kulainishia makande au kiburu (ndizi na maharage) nayo yana sodiamu, madini yale yale yaliyomo kwenye chumvi. Gramu 1 ya magadi safi ina takriban gramu 0.3 za sodiamu, sawa na zaidi kidogo ya robo tatu ya gramu ya chumvi. Na kuyapima jikoni ni shughuli: bonge linalowekwa kwenye kikombe, mchanga unatuama, maji ya juu yanamiminwa sufuriani kwa kukadiria. Mpishi gani atakuambia ziliingia gramu ngapi?

Mkojo wa saa 24, yaani wote wa siku nzima uliokusanywa kwenye dumu, unaweza kusema. Karibu asilimia 90 ya sodiamu iliyoliwa hutoka kwa njia hiyo, potasiamu kama asilimia 80, na nitrojeni itokanayo na protini kama asilimia 81. Chukua dumu lenye lita 1.5, maabara ikute milimoli (kipimo cha maabara cha kiasi cha kemikali) 110 za sodiamu kwa lita. Jumla ni milimoli 165. Gawa kwa 0.9, unapata 183. Gramu moja ya chumvi ina milimoli 17 hivi, kwa hiyo mtu huyu amekula sodiamu ya karibu gramu 11 za chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri chini ya gramu 5 kwa siku. Kama dodoso lake lilisema gramu 4, tatizo liko kwenye dodoso.

Kazi ngumu ni kulijaza hilo dumu. Tuseme mtu anaanza saa 1 asubuhi: mkojo wa kwanza anaumwaga chooni na kuandika saa. Kuanzia hapo kila anapokojoa unaingia kwenye dumu, hadi kesho yake saa 1, na ule wa mwisho unaingia pia. Wengi hukosea mwanzo huu; wakitia ule wa kwanza, sodiamu ya usiku uliotangulia inahesabiwa. Dumu liwe la lita 3 hadi 5, lenye kifuniko kinachobana, likae kivulini. Wanawake wapewe jagi dogo la kukingia. Anayeshinda sokoni Mbuyuni au Kilombero apewe chupa na mfuko usioonyesha kilichomo, la sivyo atakojoa choo cha soko na hatakwambia. Likifika maabara, litikiswe vizuri, ujazo wote uandikwe, ndipo ichotwe sampuli. Asiyeandika ujazo ametupa kazi nzima.

Utajuaje kama dumu limekamilika? Njia ya uhakika zaidi ni vidonge vya PABA, kemikali ambayo ikimezwa karibu yote hutoka kwenye mkojo, miligramu 80 mara tatu kwa siku pamoja na milo. Kati ya miligramu 240, zikirudi 204 au zaidi (asilimia 85), dumu linakubalika. Mshiriki asimeze parasetamoli siku hiyo, kwani huvuruga kipimo cha PABA kinachosomwa kwa rangi. Bila vidonge, pima kreatinini, taka ya misuli inayotoka kwenye mkojo: mwanamume mzima hutoa kwa siku miligramu 20 hadi 25 kwa kila kilo ya uzito, mwanamke 15 hadi 20, wazee pungufu. Mwanamume wa kilo 60 mwenye miligramu 700 hakukusanya zote. Dumu lenye chini ya mililita 500 nalo litiliwe shaka.

Mkojo wa kikombe kimoja ni rahisi, tunakubali, lakini unabadilika kwa maji aliyokunywa mtu asubuhi hiyo. Kanuni za hesabu za kukadiria kutoka humo mkojo wa saa 24 huwapandisha walaji wa chumvi kidogo na kuwashusha wa chumvi nyingi, yaani zinaficha wale wale tunaowatafuta.

Mkojo hautaji chakula. Hautasema ni chipsi au ni makande, na mafuta hauyapimi kabisa, kwa hiyo dodoso libaki. Anayelima juani hupoteza sodiamu kwa jasho, hivyo hesabu yake itatoka ndogo kuliko alichokula. Tena siku moja inatosha kwa wastani wa kundi. Haitoshi kumhukumu mtu mmoja.

Si lazima kila mshiriki apewe dumu. Wachaguliwe wachache kwa bahati nasibu, siku zigawanywe ili Jumapili na siku za soko ziwemo, na maabara ipime kloridi pamoja na sodiamu. Chumvi huleta zote mbili kwa milimoli sawa, magadi hayana kloridi ya maana. Sodiamu ikiizidi kloridi kwa mbali, mkojo nao ukawa na pH (kipimo cha uchachu) iliyo juu kuliko kawaida, yaani uchachu umepungua, rudini jikoni mkaulize habari za magadi.

Wataalamu wa lishe na maabara,
Moshi