Barua kwa ndugu yangu: kabla hujaingia deni kwa ajili ya dripu ya Mzee

Ndugu yangu,

Pole kwa kukesha. Umeniuliza swali moja: ile dripu mpya ya Alzheimer, aina ya ugonjwa wa kusahau (dimensia), je, inafaa kuingia deni ili Mzee aipate? Nakujibu hadharani kwa sababu familia nyingi zinauliza hilohilo, na wengi hujibiwa na matangazo kabla hawajajibiwa na daktari. Mimi daktari wa magonjwa ya akili nasema hapana. Lakini hapana tupu haimsaidii Mzee, kwa hiyo nivumilie, barua ni ndefu.

Dripu unayoitaja ni lecanemab. Ni kingamwili inayonasa protini iitwayo amiloidi iliyojikusanya ubongoni na kuiondoa. Inaiondoa kweli, picha zinaonyesha. Ila Mzee hasumbuliwi na picha, anasumbuliwa na kuitafuta njia ya chooni usiku. Basi tutazame kilichowapata watu. Katika utafiti wake mkubwa, uliotoka mwishoni mwa 2022, watu 1,795 wenye dalili za mwanzo walifuatiliwa kwa miezi 18, nusu wakipewa dawa na nusu dripu isiyo na dawa. Makundi yote mawili yaliendelea kudhoofika. Kipimo kilichotumika kina alama 0 hadi 18, na alama zikipanda hali imekuwa mbaya. Waliopewa dawa walipanda 1.21, wasiopewa walipanda 1.66. Tofauti ni 0.45. Gawa 0.45 kwa 1.66, utapata ile "asilimia 27" inayotangazwa kila mahali.

Kiangalie kipimo chenyewe kwa karibu. Daktari hukaa na mgonjwa na mtu anayemjua vizuri, akauliza mambo sita: kumbukumbu, kujua siku na mahali, kufanya uamuzi, shughuli za nje, shughuli za nyumbani, na kujihudumia. Kila jambo hupewa alama kwa hatua, na hatua ndogo kabisa ni nusu. Maana yake ni kwamba tofauti ya wastani haikufikia hata hatua moja ndogo katika jambo moja kati ya sita. Huenda wapo waliopata zaidi ya wastani huo na wapo ambao hawakuambulia kitu. Hakuna anayeweza kukuambia mapema Mzee ataangukia upande gani.

Na madhara yake hayasubiri. Mwanzoni dawa huingizwa kwenye mshipa kila baada ya wiki mbili, miligramu 10 kwa kila kilo ya uzito, hivyo mtu wa kilo 60 anahitaji 600 kila mara. Kabla ya kuanza lazima amiloidi ithibitishwe, kwa kawaida kwa PET, picha inayoionyesha ubongoni, au kwa maji ya uti wa mgongo. Kisha inafuata MRI ya mwanzo na nyingine kadhaa katika miezi ya awali, kwa kuwa ubongo unaweza kuvimba au kuvuja damu. Uvimbe ulionekana kwa asilimia 12.6 ya waliopewa dawa, dhidi ya 1.7 ya wasiopewa. Kwa wenye nakala mbili za APOE4, jeni ya kurithi inayoongeza uwezekano wa Alzheimer, ilikuwa takriban mmoja kati ya watatu. Wengi hawakuhisi chochote, lakini vifo vimetokea. Umeniandikia kwamba Mzee anatumia dawa ya kuzuia damu kuganda na kwamba hawezi tena kuvaa bila kuelekezwa. La kwanza linaongeza hatari ya kuvuja damu ubongoni. La pili linamtoa kabisa, maana dawa hii ilijaribiwa kwa walio hatua za mwanzo tu.

Marekani dawa hiyo ilitangazwa kwa dola 26,500 kwa mwaka, bila kuhesabu picha wala wauguzi. Uingereza, Agosti 2024, mamlaka ya dawa iliidhinisha, na siku hiyohiyo NICE, chombo kinachopima kipi kilipiwe na huduma ya afya ya umma, kikasema kwenye rasimu yake kwamba faida ni ndogo mno ukilinganisha na gharama. Watu walikasirika. Mimi naona NICE walifanya hesabu inayostahili kufanywa. Muuguzi anayesimamia dripu na mashine ya MRI inayotumika kufuatilia wagonjwa wachache vinaondolewa kwa mtu mwingine aliye kwenye foleni, na huyo hana tangazo.

Usisahau pia iliyoitangulia, aducanumab. Novemba 2020 kamati ya washauri iliiambia mamlaka ya dawa ya Marekani kwamba ushahidi hautoshi. Juni 2021 ikaidhinishwa hivyohivyo, kwa sababu inapunguza amiloidi, na washauri watatu wakajiuzulu. Bei ya mwanzo ilikuwa dola 56,000 kwa mwaka. Mwaka 2024 mtengenezaji wake akaiacha.

Sasa vidonge vya zamani, maana hivi ndivyo utakavyoandikiwa ukikosa dripu. Donepezil ilianza kutumika Marekani mwaka 1996: miligramu 5 usiku, na baada ya wiki nne hadi sita 10. Kwenye kipimo cha kumbukumbu na fikra chenye alama 70, faida ya wastani ni alama mbili hadi tatu. Ufaransa iliacha kulipia kundi hilo la dawa mwaka 2018. Mimi sizikatazi, na kwa dimensia ya miili ya Lewi, aina ambayo mgonjwa mara nyingi huona wasiokuwepo na mwili hukakamaa, nimekubali ushahidi kwamba zinaweza kusaidia zaidi. Ninachokipinga ni kuzianza bila kupanga siku ya kuzipima. Hesabu mapigo ya moyo kwa dakika nzima kabla ya kidonge cha kwanza, na yakiwa chini ya 50 msianze. Mpime uzito. Andika mambo matatu anayoyaweza leo, kwa mfano kunywa chai mwenyewe bila kumwaga, kumaliza kunawa, kujibu jina lake. Baada ya miezi mitatu soma tena karatasi hiyo. Kama hakuna kilichobaki imara, au amekonda na kutapika, daktari apunguze taratibu hadi aiache.

Kuna mtego ambao natamani kila familia iujue. Donepezil huongeza asetilikolini, kemikali inayosaidia kumbukumbu, lakini kemikali hiyohiyo hukaza kibofu. Baada ya wiki chache mgonjwa anaanza kujikojolea. Nyumbani wanasema ugonjwa umezidi. Anaandikiwa oxybutynin ya kutuliza kibofu, ambayo inazuia asetilikolini ileile. Sasa dawa mbili zinavutana kamba ndani ya mwili mmoja: mdomo unakauka, choo kinafunga, usiku anaona watu wasiokuwepo. Anaongezewa haloperidol, dawa ya kutuliza wanaoona au kusikia yasiyokuwepo. Viungo vinakakamaa, anatembea kwa kuburura miguu, anaanguka, nyonga inavunjika. Chanzo cha yote ni kidonge cha kwanza, na hakuna aliyerudi kukiangalia.

Hilo la haloperidol na ndugu zake nakuomba ulichukulie kwa uzito. Aprili 2005 mamlaka ya dawa ya Marekani ilikusanya majaribio 17 ya dawa za kundi hilo zilizo mpya kwa wazee wenye dimensia: kwa takriban wiki kumi walikufa asilimia 4.5 ya waliopewa, dhidi ya 2.6 ya wasiopewa. Mwaka 2009 ripoti ya Profesa Sube Banerjee kwa serikali ya Uingereza ilikadiria vifo 1,800 vya ziada kila mwaka nchini humo. Kwa mwenye miili ya Lewi hata dozi ndogo inaweza kumlaza hoi. Nafasi yake ipo pale mtu anapokuwa hatari kwa nafsi yake au kwa wengine na mengine yote yameshindikana, kwa dozi ndogo na kwa wiki chache. Kupiga kelele jioni si sababu. Mzee akibadilika ghafla ndani ya siku moja au mbili, hiyo si dimensia kupanda. Tafuta maambukizi, maumivu, upungufu wa maji, choo kilichofunga, mkojo uliobana, au dawa mpya.

Umeniuliza pia kama wewe mwenyewe ukapimwe, kwa kuwa unasahau funguo. Hesabu nawe. Chukua watu 1,000 wenye umri mkubwa, 60 kati yao wana dimensia. Tumia kipimo kinachokosea mara 15 kwa kila 100, kwa wagonjwa na kwa wazima. Kitawanasa wagonjwa 51. Lakini kati ya wazima 940, kitawaonyesha 141 kuwa wagonjwa. Waliotiwa hofu ni 192, na karibu robo tatu yao hawana kitu. Ndiyo maana nilisikitika Uingereza ilipoamua mwaka 2014 kuwalipa madaktari pauni 55 kwa kila jina jipya la mgonjwa wa dimensia. Mpango ule ulifutwa mwaka uliofuata. Na mwaka 2024 kikundi cha wataalamu wa Marekani kilipendekeza mtu mwenye amiloidi ahesabiwe mgonjwa wa Alzheimer hata kama hana dalili yoyote, ingawa wazee wengi wenye amiloidi hufa wakiwa na akili zao timamu. Mtu akishapewa jina la ugonjwa, kazi yake, bima yake na namna anavyotazamwa nyumbani vinabadilika, na hana tiba anayorudishiwa badala yake. Kama unasahau funguo lakini unakumbuka kwamba ulizisahau, lala vya kutosha na unipigie simu.

Ninachokililia kwa huduma ya umma ni kidogo: muuguzi wa kupita nyumbani, mtu wa kumpokea Mzee siku moja kwa wiki ili wewe ulale, na daktari mwenye dakika 30 za kupitia dawa. Havina mtengenezaji wa kuvipigania.

Dakika hizo unaweza kuzianza wewe. Kusanya kila dawa ya Mzee kwenye mfuko mmoja, pamoja na za mafua, za mzio, za usingizi na za mitishamba. Tenga amitriptyline, chlorpheniramine, promethazine na oxybutynin, zote zinavuruga kumbukumbu. Usizikate ghafla, zipeleke zikaangaliwe. Omba kipimo cha damu cha vitamini B12, cha tezi ya thairoidi, cha kaswende na cha VVU. Kama alianguka karibuni, uliza kuhusu damu iliyovuja na kukusanyika chini ya fuvu, hasa kwa kuwa anatumia dawa ya kuzuia damu kuganda. Wamulike ndani ya masikio yote mawili, nta iliyoziba humfanya mtu aonekane hajui anachoulizwa. Usiku acha taa ndogo ikiwaka, na mlango wa choo ubaki wazi ili aone sinki la choo lenyewe.

Kisha nitumie orodha ya dawa zote, dozi zake, na saa anazozimeza.