Kikao cha Jumamosi: Kiingereza chetu kazini

Ndugu wanakikundi, habari za jioni.

Kikao cha Jumamosi, saa nne asubuhi, ukumbi ule ule wa Ngamiani, kitahusu Kiingereza tunachotumia na wenzetu wa mataifa mengine, kwa kuwa wengi wetu hapa Tanga, tulio bandarini na kwenye mradi wa bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, tunaandikiana kila siku na watu ambao, kama sisi, Kiingereza si lugha yao ya kwanza.

Naomba tuyatafakari hasa maswali ya kukanusha. Mgeni akituuliza kwa Kiingereza kama hatujapokea nyaraka, sisi hujibu "ndiyo", tukimaanisha ni kweli hatujapokea, naye huelewa kwamba tumepokea. Mwezi uliopita nilijibu hivyo kwenye simu, na lori likakaa getini tangu asubuhi hadi alasiri, dereva amejilaza chini ya tela akikwepa jua. Sasa mimi hujibu kwa sentensi kamili: nyaraka hazijafika.

Saa nazo zina mtego wake: saa mbili asubuhi ya kwetu wao huiita saa nane, basi tuandike 08:00. Tarehe 3/4 kwa Mmarekani ni 4 Machi, hivyo mwezi uandikwe kwa jina.

Lafudhi isimtie mtu haya. Kinachotuponza ni kuitikia tusichokielewa, na kumwomba mtu arudie si utovu wa adabu.

Kila mmoja aje na barua pepe moja iliyowahi kumletea utata, akiwa amefuta majina ya watu na kampuni. Tafadhali nithibitishieni kabla ya Ijumaa adhuhuri.